Kwa Delfina Tarquini, Ambaye Hakuona Kitu Mlimani

Mwaka umetimia, Delfina, tangu ututoke asubuhi ile ya Novemba, na kama ungetuuliza tunaendeleaje tungekujibu kwa ufupi: vibaya. Hatukuja hapa kukupamba. Ubao huu wa matangazo ya wafu, ubavuni mwa kanisa, umejaa watu waliopambwa. Kila marehemu alikuwa mpole, kila marehemu alipendwa na wote. Wewe hukuwa mpole. Nusu ya kijiji chetu cha Rocca Sanvito ulikuwa umewanunia, na nusu iliyobaki hukuwajua kwa majina, kwa sababu ulitoka mlimani watu wakiwa wameshafunga madirisha.

Mchapaji alilalamika kwamba tangazo ni refu mno, kwamba desturi ni picha, mistari mitatu na saa ya misa. Mama yako alimwambia, "Wewe chapa. Nilikufundisha kusoma, sikukufundisha kupunguza maneno ya watu." Mchapaji ana mvi sasa, na bado anamwogopa mwalimu wake. Kwa hiyo karatasi ziko kadhaa, zimepangwa moja chini ya nyingine, na picha yako ni ile ya kofia ngumu, umekunja uso, maana picha ya kutabasamu tulitafuta hatukuiona.

Seti ya pili tumeibandika kwenye ukuta wa baa ya Egidio, pale barabara inapoanza kushuka kwenda kwenye handaki, ambapo wenzako wa maabara hunywa kahawa kabla ya kuingia chini ya Mlima. Hilo tumelifanya makusudi. Someni, waheshimiwa. Kahawa haitapoa sana.

Tunakumbuka mikono yako. Uliiosha kama mtu anayejiandaa kupasua mgonjwa. Mtambo wenu ulitengenezwa kwa shaba safi, na ulisema jasho la kidole kimoja tu likiigusa linaacha mionzi midogo, na mionzi hiyo midogo inaweza kuwadanganya kwamba mmepata kitu. Tabia hiyo ulikuja nayo nyumbani. Ulikuwa ukifika unapangusa meza kwa spiriti kabla hujaketi, mpaka Nunziata, mke wa kaka yako, akakuambia, "Wifi, hapa tunakula. Mgonjwa wako yuko wapi tumsogezee kiti?" Hukucheka. Ulimwambia anyanyue kikapu cha mkate, ukapangusa na chini yake.

Tunakumbuka siku uliyokuja na kipande cha madini ya risasi kwenye kitambaa, kizito kama dhambi, kilichotolewa baharini ndani ya meli ya Warumi iliyozama. Ulisema madini hayo yamelala chini ya maji karibu miaka elfu mbili, mionzi yake imekwisha yote, na ndiyo maana mnayazungushia mtambo kama ukuta. Macho yako yaling'aa kama ya msichana aliyeletewa mchumba. "Angalia, Mama. Usiguse. Hiki ndicho kitu kimya kuliko vyote katika mkoa mzima wa Abruzzo."

"Kimya kuliko wewe mezani?" mama yako akauliza.

Kazi yako hatukuielewa yote, na hatutajifanya. Ulianza ujanani na nyutrino za jua, chembe zinazotoka huko juu zikatupita mwilini kwa mabilioni bila hata kupiga hodi, zikapita na mlima, zikapita na dunia, zikaenda zao. Mlichimbiwa ukumbi chini ya mwamba ili kelele za angani zisiwafikie, mkakaa mnangoja moja kati ya hizo ijikwae. Zilijikwaa chache, na mlifurahi sana. Kisha ukahamia kwenye maada ya giza, ambayo kwa maelezo yako ni nzito kuliko nyota zote zikijumlishwa, imetuzunguka hapa tulipo, na hakuna aliyepata kuiona. Uliitafuta kwenye tangi la kimiminika baridi, ukisubiri mmweko mmoja wa mwanga. Miaka ikapita. Matangi yalizidi kuwa makubwa, nawe ukazidi kukonda. Mwishoni hata zile nyutrino zako za ujanani zikageuka kero, kwa sababu tangi likishakuwa kubwa mno nazo huanza kujifanya ndizo hicho kitu. Ulilalamika juu yao kama mtu anayelalamikia ndugu wa mume.

Kijiji kilikuwa na utani wake. Ukiingia kwa Egidio, alikuwa akipaza sauti kutoka nyuma ya mashine ya kahawa: "Daktari! Umekipata?"

"Bado."

"Umeangalia chini ya kitanda?"

Na baa nzima inacheka, kila mara, kama vile ni mara ya kwanza. Wewe ulikunywa kahawa yako kwa funda moja ukaondoka. Aliyekuwa akiumia ni mama yako, mwalimu Ersilia, aliyefundisha nusu ya hao wacheka hovyo kujumlisha na kutoa. Alikuwa akirudi nyumbani akivua koti kwa hasira, akimwambia baba yako Ottorino kwamba binti yao amesoma kuliko mkoa mzima na amegeuka kichekesho cha wauza jibini.

Sasa tuseme lile ambalo matangazo ya ukutani hayasemi. Siku ya mazishi ya baba yako hukuwepo.

Siku hiyo mlikuwa mnafungua sanduku. Kwa wasomaji wasiojua, hilo si sanduku la mbao. Watu wa chini ya Mlima hujifungia matokeo yao wenyewe. Mtambo unapima kwa muda mrefu, lakini ile sehemu ambayo kitu kinachotafutwa kingejitokeza hufichwa ndani ya kompyuta, asiione yeyote, mpaka wawe wamekubaliana juu ya kila kanuni: mmweko upi uhesabiwe, upi utupwe, mstari wa mpaka uwekwe wapi. Wakishakubaliana hakuna kusogeza hata nukta. Ndipo wanakaa pamoja na kufungua. Wanafanya hivyo kwa sababu wanajijua. Mtu anayetamani kitu miaka mingi atakiona hata kwenye ukungu. Ndiyo desturi yao pekee tuliyoiheshimu katika nyumba hii.

Ulifika makaburini fundi anapaka saruji kwenye ukingo wa jiwe la kuzibia kaburi la ukutani. Ulikuwa bado umevaa buti za kazini. Mama yako hakukukumbatia.

"Kulikuwa na nini humo sandukuni?" akakuuliza mbele ya watu wote, padri akiwamo.

"Hakuna kitu, Mama."

"Sifuri?"

"Sifuri. Lakini ni sifuri safi."

"Umemkosa baba yako kwa ajili ya sifuri safi," akasema, akakupa mgongo. Hakusema nawe tena mpaka Pasaka. Na hata Pasaka alichokuambia ni kwamba nyama inapoa.

Hilo hatujakusamehe, Delfina. Tunaliandika hapa, hadharani, kwa sababu wewe mwenyewe ulichukia mtu anayeficha hesabu isiyopendeza. Tunakupenda na hatujakusamehe, yote mawili, na kama huko uliko kuna kona ya kuyaweka pamoja, yaweke.

Kisha ikaja ile Jumapili ya Agosti, kiangazi chako cha mwisho. Mama yako alikuwa jikoni anakata tambi kwenye fremu ya nyuzi za chuma, unga umemjaa mpaka viwiko, ukaingia bila kubisha. Hukuosha mikono. Kwa hilo tu alijua kuna msiba.

"Wamechungulia," ukasema.

"Nani?"

"Sijui aliyeanza ni nani. Ruggero alijua."

Profesa Ruggero Valdambrini tulikuwa tunamjua. Ndiye mkuu wa jaribio lenu, mliloliita Ginestra, mrefu, msafi, shingoni skafu hata mwezi wa Julai. Alikuwa akimwita mama yako "Mwalimu wangu" ingawa mama hakuwahi kumfundisha, na tunadhani angekuwa amemfundisha mambo yangekuwa mengine.

Ulieleza ukiwa umesimama. Sanduku jipya lilikuwa karibu kufunguliwa, kanuni zimeshakubaliwa. Ghafla pakaletwa pendekezo kikaoni: mpaka mmoja usogezwe, kidogo tu. Sababu zilizotolewa zilikuwa nzuri. "Nzuri mno, Mama," ulisema. Mpaka ule haukuwa umemsumbua mtu kwa miaka, na hakuna ambaye angeukumbuka, isipokuwa mtu anayejua tayari kilicholala ng'ambo yake. Wakausogeza. Wakafungua. Na ng'ambo ya mpaka wa zamani, ndani ya ule mpya, mimweko ikawa imejikusanya vizuri kama kuku kwenye banda. Watu walipiga makofi. Wewe ukasimama ukauliza, "Nani amechungulia?" na ukumbi mzima ukaangalia viatu.

Mama yako aliacha kukata. "Yaani," alisema, "mwalimu kafungua bahasha ya mtihani kabla ya siku. Kaona mtoto wa dada yake kapata tano. Ndipo katangaza kwamba mwaka huu alama ya kufaulu ni tano."

"Hivyo hivyo."

"Huyo kwetu anafukuzwa kazi."

"Kwetu anapewa tuzo," ukasema, ukakaa, ukaanza kula mkate mkavu kama mtu aliyekuwa gerezani.

Kaka yako Panfilo alikuwa mlangoni na ndoo ya maziwa ya kondoo. Alisikia. Akauliza swali ambalo sote tulikuwa nalo mdomoni. "Na kama ni kweli? Kama hicho kitu kipo palepale walipoona?"

"Kikiwepo leo kitakuwepo na mwakani. Wafunge upya, wapime upya, wasubiri."

"Wewe una miaka mingapi ya kusubiri?" akauliza mama yako.

Ulicheka mdomo umejaa mkate. "Nimewaambia mbele ya wote, jina langu lisiwemo kwenye makala yao. Ruggero kanijibu nikapumzike."

Miezi mitatu baadaye ulipumzika. Saratani ya kongosho, walisema madaktari, na walisema wamechelewa kuiona. Kijiji kikawa na majibu yake. Kwenye foleni ya mkate Zelinda wa mtaa wa chini alinong'ona, kwa sauti ya kusikika, kwamba ni ile mionzi ya huko shimoni imekumaliza. Mama yako, na nguo zake nyeusi mpya, aligeuka. "Zelinda, huko shimoni kuna mionzi midogo kuliko kwenye mawe ya jiko lako. Ukitaka kuishi milele hamia huko, na sisi huku juu tupate nafuu." Hakuna aliyenong'ona tena, angalau si kwenye foleni.

Wenzako walikuja kwenye mazishi, wengi, wamevaa vizuri. Walisema ulikuwa dira yao. Baada ya hapo hatukuwaona.

Mpaka Oktoba hii. Profesa Ruggero alikuja na keki kwenye boksi lenye utepe, akambusu mama yako mashavuni, akamsifu kwa afya ambayo hana. Panfilo alikuwa uani anachoma mishikaki ya kondoo. Wakaketi sebuleni, yeye kwenye kiti chako, kwa kuwa hakuna aliyewahi kumwambia.

"Mwalimu wangu," alianza, "nimekuja na habari njema, na nimetaka mzisikie kutoka kwangu. Tumekipata."

Mama yako alisogeza boksi la keki kando.

"Kile alichokitafuta Delfina maisha yake yote. Makala iko tayari. Tutaitangaza mwezi ujao, mwaka wake ukitimia. Na siku hiyohiyo tunataka tuupe ukumbi wetu jina lake. Ukumbi wa Delfina Tarquini. Bamba la marumaru, herufi za dhahabu. Mwalimu, utavuta pazia wewe mwenyewe."

Akaendelea. Akaeleza kwamba kwao majina ya waandishi hupangwa kwa alfabeti, mamia, na mwenzao aliyefariki haondolewi. Jina lake hubaki mahali pake, na pembeni huwekwa msalaba mdogo. Ni heshima. Kanuni inasema tu kwamba familia ikikataa kwa maandishi, jina litolewe. Alitaja hilo kama mtu anayetaja mvua ya mwaka juzi.

Tukuambie ukweli, Delfina, kwa sababu hili ndilo tuliloliandikia karatasi zote hizi. Mama yako alikubali.

Alikubali kwa haraka, na sisi tulimwona uso wake ukifunguka kwa namna ambayo hatukuiona tangu baba yako alipokuwa hai. Alikuwa anasikia baa ya Egidio ikinyamaza. Alikuwa anaona miaka yako yote ya kutoka mlimani gizani, uso umekauka, ikipata mahali pa kutua. Alikuwa anawaza na yale mazishi. Kama binti yake alikosa kumzika baba kwa ajili ya kitu, na siyo kwa ajili ya sifuri, basi labda angeweza kulala. Akasema, "Sawa, Profesa. Mwekeni." Panfilo akaingia na mishikaki, akasikia marumaru, akamwagia watu divai mpaka ikafurika.

Wakala. Profesa alikula vizuri, akalegea, akafungua kifungo cha koti. Na ukarimu wa divai ukamfanya aseme, akimgeukia kaka yako kama wanaume wanaoelewana, "Kusema kweli, jina lake litatusaidia sana. Huko nje wameshaanza kuguna. Lakini wote wanamjua mwenzetu alivyokuwa, alikuwa hakubali kitu. Wakiona Tarquini yumo, watasema basi, kama hata yule kakubali."

Mama yako aliweka mshikaki chini.

"Aliulizwa?"

"Samahani, Mwalimu?"

"Kuhusu hayo matokeo. Binti yangu aliulizwa kama anakubali?"

"Mwalimu, wakati ule Delfina hakuwa vizuri. Ugonjwa ulishaanza, sisi hatukujua. Mtu anakuwa na hofu, anaona vivuli…"

"Sikukuuliza alikuwaje. Nimekuuliza aliulizwa."

"Aliulizwa."

"Akasemaje?"

Profesa alitazama sahani. Mishikaki ilikuwa inaganda mafuta. "Alisema hapana. Lakini, Mwalimu, ile haikuwa akili yake, ilikuwa ni…"

"Siku hiyo alikuja hapa," mama yako akasema. "Alisimama jikoni, pale. Alinieleza kitu ambacho ninyi mnakiandika kwa kurasa arobaini, akanieleza mimi, mwalimu wa shule ya msingi, na nikakielewa kabla maji ya tambi hayajachemka. Akili ilikuwapo, Ruggero. Ilikuwapo nyingi. Niambie wewe, nani alichungulia?"

"Mama," Panfilo akasema kwa upole, "marumaru, Mama. Jina lake."

"Nyamaza wewe. Ruggero, nimekuuliza."

Profesa alikuwa mwekundu sasa, na ule utamu wa sauti ukamtoka. "Hakuna aliyechungulia. Kuna vijana, kompyuta, makosa madogo ya njiani, mambo ambayo hayabadilishi chochote. Kitu kipo! Wewe hujui tumetafuta muda gani."

"Najua kwa kuwa nilikuwa nampikia."

"Basi fikiri kidogo. Ukimtoa, atakuwa hakupata kitu. Maisha mazima. Watu watamsahau kabla ya Krismasi. Unajua unachomfanyia mwanao?"

Tunakiri kwamba sote mezani tulitaka aseme kinyume cha alichosema. Nunziata alikuwa ameshika kitambaa cha meza. Mama yako alikuwa na umri wa miaka themanini na moja, na mtu alikuwa amemwekea mezani kile alichokitamani kuliko pumzi, na alichotakiwa kufanya ni kuendelea kula.

"Najua," akasema. "Mtoeni."

"Mwalimu…"

"Alisema hapana na akili zake zote, mbele yenu wote. Akiwa hai mlimwambia akapumzike. Sasa amepumzika ndio mmemfanya aseme ndiyo? Mtoeni. Na hilo bamba lenu mkatengenezee meza. Na keki yako ondoka nayo, utepe wake umenichosha macho."

Aliondoka nayo kweli. Tulimwona kupitia dirishani akiiweka kiti cha mbele na kuifunga mkanda, kama abiria. Mama yako aliandika kukataa kwake siku hiyohiyo, mistari miwili, mwandiko wa ubaoni, na Panfilo akaupeleka mwenyewe ingawa hakukubaliana nao. Alikaa siku nyingi bila kusema na mama. Mpaka leo akipita mahali penye marumaru anaangalia kando.

Wiki iliyopita walitangaza. Ilikuwa kwenye televisheni, kwa Egidio. Profesa na skafu yake, nyuma yake mchoro wa rangi, akisema enzi mpya imeanza. Baa ikashangilia kama timu imefunga bao, kwa sababu ni Mlima wetu. Mama yako alikuwa ameketi na chai yake. Egidio, ambaye si mtu mbaya ila mdomo wake hauna mlango, akasema, "Kumbe kilikuwepo! Maskini Delfina, angevumilia kidogo tu." Mama yako alilipa chai, akatoka. Hakumjibu. Hilo ndilo lililotutisha, kwamba hakumjibu. Kwa hiyo tunamjibu sisi, kwenye ukuta wake mwenyewe.

Egidio, na ninyi wengine. Delfina Tarquini hakushindwa kuvumilia. Alivumilia kuliko mlima wenu. Inawezekana hicho walichokiona kipo. Wengine watapima, huko Amerika na Uchina, kwenye mashimo yao, na hao hawamjui Ruggero wala skafu yake. Kikionekana, tutafurahi. Lakini dada na binti yetu alisema kwamba hakukiona, wakati ambapo kusema amekiona kungempa kila alichokikosa. Yeyote kati yenu ambaye amewahi kufanya jambo kama hilo na aje anywe kahawa kwa hesabu yetu. Hatutegemei kuingia gharama.

Na wewe, Delfina. Jana mwanafunzi mmoja wa zamani wa mama yako aliyeajiriwa mjini alimletea ile makala, iliyochapwa. Mama hakusoma hesabu. Alifungua ukurasa wa majina, akavaa miwani, akasimama wima katikati ya jikoni, na akaanza kuyaita kwa sauti, moja baada ya jingine, kama asubuhi darasani. Majina ya Kiitaliano, ya Kijerumani, ya Kipolandi, mengine akayavunjavunja. Hatukuthubutu kumkatiza. Alipofika kwenye T alipunguza mwendo. "Tamburri." Akasubiri kidogo. "Tedeschi." Kati yao hapakuwa na mtu, wala msalaba mdogo.

Mama yako akavua miwani.

"Tarquini hayupo," akasema. Miaka yote aliyofundisha, hakuna aliyepata kumsikia akilitamka neno "hayupo" kwa fahari.

Wanakukumbuka: mama yako Ersilia, kaka yako Panfilo, ambaye bado anabisha, wifi yako Nunziata, ambaye sasa anapangusa meza kwa spiriti na hataki kuulizwa, wapwa zako, na baba yako Ottorino, mliyezikwa naye kwenye ukuta mmoja, mkamalizane wenyewe.

Misa ni Jumapili, saa nne asubuhi. Profesa Valdambrini hakualikwa.

Hatutakusahau, Delfina, na hatutaruhusu ukumbukwe na waongo.